Bunduki ya Snaipa wa Ufaransa Hupimwaje? Rada Ni Hii, na Si Venye Gemu Zilikudanganya

Kwa gemu ya simu mambo ni rahisi. Unafungua darubini, unaweka msalaba kwa kichwa ya msee, unagusa skrini, amelala. Upepo hakuna. Mtutu haupati joto. Na ile bunduki umeokota sekunde tano zilizopita inapiga pale pale, hata kama mwenye alikuwa nayo amekufa akiiangusha chini kwa mawe.

Sasa weka simu kando kidogo, cheki hii risto.

Ni tarehe 4 Februari 1976, mahali panaitwa Loyada, mpakani mwa Djibouti na Somalia. Djibouti bado iko chini ya Ufaransa, uhuru utakuja Juni 1977. Basi ya shule imesimama kwa jua kali. Ndani kuna watoto karibu 30, wengi wao wa familia za wanajeshi wa Ufaransa, pamoja na wanaume wenye bunduki walioiteka basi jana yake asubuhi wakidai huo uhuru. Kama mita 180 kutoka hapo, kwa mchanga, wamelala maafisa wachache wa GIGN, kikosi cha jendameri ya Ufaransa ambacho kilikuwa na miaka miwili tu tangu kizaliwe. Kiongozi wao anaitwa Christian Prouteau. Mikononi wana FR F1, bunduki ya snaipa ya Ufaransa.

Mpango wao ni huu: kila mmoja achague mtekaji wake, na wote wafyatue kwa pamoja. Mmoja akitangulia, wale watekaji wengine watasikia, na watoto wako nao hapo ndani. Wakangoja karibu masaa kumi.

Jiulize swali moja tu. Huyo jamaa kwa mchanga anajuaje kwamba risasi itaenda pale msalaba wa darubini uko? Haoni mtutu ukifikiria. Hana nafasi ya kufyatua moja ya kujaribu. Anaamini tu. Na hiyo imani haikutoka mbinguni, ilitoka kwa uwanja wa shabaha, kwa kazi fulani ya polepole ambayo hakuna mtu huweka kwa filamu kwa sababu inaboesha kuitazama. Hiyo kazi ndiyo tunataka kukufungulia leo.

(Na hapana, hii si mwaliko. Ukishikwa na chuma Kenya bila leseni hiyo ni jela, na hakuna karao atakuskiza ukisema ulikuwa unafanya utafiti.)

Kwanza, hii chuma ni gani?

FR ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya bunduki ya kurudia. Yaani kila risasi lazima uvute bolti kwa mkono, utoe ganda, usukume ingine. Ya kwanza, FR F1, ilitoka miaka ya 60. Iliundwa na kiwanda cha silaha cha Saint-Étienne, kile watu hukiita MAS, na hicho kiwanda kilianzishwa 1764. Babu yake ni MAS-36, bunduki ya askari wa kawaida wa Ufaransa kabla na baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakachukua ile bolti ya babu, wakaifanyia kazi, wakaweka mtutu mzito zaidi, magazini ya risasi 10, miguu miwili ya kusimamisha mbele, na vipande vya kuongeza urefu wa kitako ili msee mrefu na msee mfupi wote watoshee. Uzito ni kilo tano na kitu. Beba pakiti mbili na nusu za unga za kilo mbili mbili, halafu ujaribu kuzishikilia bila kutetemeka masaa kumi.

F1 ilitumia risasi ya milimita 7.5, ambayo ilikuwa ya Wafaransa wenyewe tangu 1929. Shida ni kwamba NATO yote ilikuwa imehamia 7.62. Unakumbuka enzi za chaja ya pini ndogo, kila mtu kwa keja ana chaja yake na hakuna ya kukopa? Ndiyo hiyo. Miaka ya 80 wakatoa FR F2, mdogo wake, ikakula 7.62 kama majirani wote. Hiyo F2 ndiyo Wafaransa walitembea nayo hadi Sarajevo, Afghanistan na Mali.

Juu yake kulikuwa na darubini inaitwa APX L806. Nguvu yake ni mara 3.85. Hesabu yake ni rahisi: mtu aliyesimama mita 385 unamwona kama yuko mita 100. Kwa gemu ungeitupa hiyo uokote ya mara nane. Lakini darubini haikazi risasi mwendo wala hainyooshi mtutu. Inakuonyesha tu. Na inaweza kukuonyesha uongo, tena picha ikiwa safi kabisa.

Matundu kwa karatasi

Tuseme umepewa F2 ambayo hujawahi kuigusa, na kazi yako ni kujua kama inaaminika. Unaenda renji. Unaweka karatasi mita 100, kama urefu wa uwanja wa mpira ukikatwa kidogo. Unalala, miguu miwili chini, kimfuko cha mchanga chini ya kitako.

Unafyatua tano, zote ukilenga nukta moja, bila kurekebisha kitu. Hata kama ya kwanza imeenda kombo, usiguse chochote. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wanaona tundu liko kushoto wanaanza kulenga kulia kidogo, mwisho wa siku hawajui ni bunduki ilikosa ama ni wao.

Ukimaliza unaenda kucheki karatasi, na swali la kwanza si eti "nimepiga katikati?" Swali ni "hayo matundu matano yako karibu karibu aje?" Yakiwa yamebanana kwa duara dogo la sentimita tatu, hata kama yote yako pembeni kabisa ya karatasi, furahi. Hiyo bunduki inarudia kitu kimoja. Darubini utaivuta tu hadi msalaba ukae juu ya hilo kundi. Lakini yakiwa yametawanyika kwa duara la sentimita kumi, na moja kwa bahati imeingia katikati kabisa, usipige picha ya kuposti. Hiyo ilikuwa bahati, na bahati huwezi kuirekebisha na bisibisi.

Ni kama fundi wa matatu na usukani. Gari inayovuta kushoto kila siku, kipimo kile kile, fundi ataipanga asubuhi moja. Ile inavuta kushoto leo, kulia kesho, ndiyo humaliza pesa ya mwenye gari.

Halafu peleka hiyo hesabu Loyada. Kundi la sentimita tatu kwa mita 100 linakuwa kama sentimita tano na nusu kwa mita 180. Kundi la sentimita kumi linakuwa 18. Upana wa kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 15. Hizo sentimita kumi za mita 100, askari wa kawaida na bunduki yake ya kawaida angeridhika nazo, na hakuna mtu angemlaumu. Kando ya basi yenye watoto hazitoshi.

Kuna kitu kingine kwa hiyo karatasi. Angalia tundu la kwanza kabisa. Mtutu ukiwa baridi, na pengine una mafuta kidogo ndani, risasi ya kwanza mara nyingine huenda tofauti kidogo na wenzake. Kwa mashindano hiyo unaweza kuisahau, una zingine nyingi. Snaipa maisha yake yote ni hiyo risasi ya kwanza. Ndiyo maana mtu serious hana haraka ya kumaliza siku moja. Anafyatua moja asubuhi, anaandika kwa daftari, anaweka chini. Kesho tena moja. Baada ya wiki kadhaa ana matundu ya asubuhi tupu, na hayo ndiyo yanamwambia ukweli.

Darubini pia inakaa kiti moto

Darubini ina vifundo viwili. Cha juu kinapandisha na kushusha, cha pembeni kinaenda kushoto na kulia. Vinahesabiwa kwa mili. Usitoroke, hii hesabu ni nyepesi kuliko ya Eimtieni: mili moja kwa mita 1,000 ni mita moja, kwa mita 100 ni sentimita 10. Darubini nyingi za kisasa kila "tik" ya kifundo ni sehemu ya kumi ya mili, yaani sentimita moja kwa mita 100.

Lakini nani amesema "tik" imesonga sentimita moja kweli? Kwa hivyo unaijaribu. Unafyatua tatu kwa nukta. Unazungusha kifundo cha juu tiki 20, unalenga nukta ile ile, unafyatua tatu. Matundu yanafaa kuwa sentimita 20 juu. Tiki 20 kulia, tatu zingine. Tiki 20 chini, tatu. Tiki 20 kushoto, tatu za mwisho. Umechora sanduku kwa karatasi na risasi, na msalaba wako haujawahi kutoka kwa ile nukta. Kundi la mwisho lazima lilale juu ya kundi la kwanza.

Likikosa kulala hapo, darubini imechoka ndani, ama skrubu za kuishikilia zimelegea. Sanduku likiwa limeinama kama nyumba ya mabati baada ya mvua, basi darubini imefungwa ikiwa imelala upande. Kwa mita 100 hutaliona hilo. Ukianza kupandisha kwa mbali, kila ukienda juu unaenda pia kando, na utalaumu upepo bure.

Halafu kuna ujanja mwingine wa kioo. Funga bunduki isisonge, angalia kwa darubini, halafu sogeza kichwa tu, kushoto, kulia, juu, chini. Msalaba ukianza kuogelea juu ya shabaha na bunduki haijasonga, jua kwamba ukiweka shavu mahali tofauti kila mara, utapiga mahali tofauti kila mara. Ndiyo sababu snaipa huweka shavu sehemu moja ya kitako kila siku kama mtu ana kiti chake kanisani.

Jua, joto na ile koti nyeusi

Ukiona picha ya F2, kitu cha kwanza utaona ni mtutu wake mnene sana, kama umevaa koti. Hiyo ni mfuniko wa plastiki ngumu unaozunguka mtutu wa chuma. Watu wengi hudhani ni kizuia sauti. Zii.

Cheki lami ya Thika Road saa saba mchana. Ile hewa inacheza cheza juu ya barabara, magari ya mbali yanaonekana kama yanaelea kwa maji. Mtutu ukishapata joto unafanya hivyo hivyo, na hiyo hewa inapanda mbele ya darubini. Shabaha inaanza kucheza densi. Jua nalo likipiga upande mmoja wa chuma, huo upande unapata joto kuliko mwingine, na chuma kikipata joto kinatanuka. Mtutu unaweza kujipinda kidogo sana, hata jicho halioni. Risasi ndiyo itaona. Ile koti inazuia jua, inatuliza hewa, na inamficha mwenye bunduki kidogo kwa zile kamera za kunasa joto.

F1 ya Loyada haikuwa na hiyo koti. Na Loyada iko pwani, hakuna kivuli, ni mchanga na jua.

Kwa hivyo kipimo kingine cha renji ni cha joto. Unafyatua tano, halafu tano, halafu tano, bila kupumzisha mtutu, ukiweka kila tano kwa nukta yake. Kundi la tatu likianza kupanda juu ama kutawanyika, umejua mpaka wa hiyo bunduki uko wapi. Si ati ni mbaya. Ni kujua tu, uandike kwa daftari, ukiwa kazini usishangae.

Mbali ni hesabu

Watu hupenda kuuliza "hii inafika wapi?" Kuhusu F2, jibu la kawaida ni mita 800, viwanja vinane vya mpira vikipangwa mstari. Kufika si shida. Risasi ya 7.62 inatoka mtutuni ikienda kama mita 850 kwa sekunde, itafika mbali sana kuliko hapo. Shida ni kujua itafikia wapi.

Risasi inaanza kuanguka pale tu inatoka mtutuni. Fizikia ya shule, ile ulikuwa unalala. Kwa mita 600 inachukua karibu sekunde nzima kufika, na kama darubini ilipangwa kwa mita 100, itakuwa imeshuka karibu mita tatu chini ya pale msalaba uko. Ukilenga kichwa, unapiga udongo mbele ya viatu vyake. Halafu upepo wa kawaida, ule wa kupeperusha tu majani ya mti, ukiingia kutoka pembeni unaweza kuisukuma zaidi ya nusu mita kando kwa huo umbali. Kushuka unaweza kukariri kwa sababu mvutano wa dunia haubadiliki. Upepo haukaririki, unasomwa upya kila mara, tena unaweza kuwa unaenda kulia hapa ulipo na kushoto kule shabaha iko.

Na badilisha pakiti ya risasi uone. Kiwanda kingine, ama hata kiwanda kile kile lakini mwezi mwingine, baruti tofauti kidogo, na lile kundi lako tamu linahama. Wapimaji wa ukweli huweka risasi za mzigo mmoja kando, wanaandika namba zake, na hawamkopeshi mtu.

Turudi kwa basi

Mili moja kwa mita 180 ni sentimita 18. Yaani mtu angegongesha kifundo cha darubini kwa mlango wa gari akishuka, kikasonga tiki kumi bila yeye kujua, msalaba ungekaa vizuri kabisa kwa mtekaji, na risasi ingepita sentimita 18 kando yake. Ndani ya basi ya shule, sentimita 18 kando ya mtu ni kiti cha pili.

Mchana, watoto walipelekewa chakula chenye dawa ya kuwalegeza, ndio walale na vichwa vyao vishuke chini ya madirisha. Karibu saa kumi kasorobo hivi, watekaji wote wakaonekana kwa wakati mmoja. Prouteau akatoa amri. Bunduki zikalia pamoja, watekaji waliokuwa kwa basi wakaanguka.

Halafu mambo ikaharibika, na hapo si bunduki ya snaipa. Upande wa mpaka wa Somalia ukaanza kufyatua, wanajeshi wa Ufaransa wakakimbilia basi chini ya risasi, na mtekaji mmoja akaweza kufyatulia watoto ndani. Msichana mmoja alikufa hapo hapo, mwingine akafa baadaye kwa majeraha. Mvulana mmoja alikuwa amepelekwa upande wa Somalia, akarudishwa siku chache baadaye. Wafaransa walitengeneza filamu ya hiyo siku mwaka 2019, inaitwa L'Intervention, ukitaka kuitafuta wikendi.

Wataalamu wamebishana miaka mingi kama ile siku ingeenda tofauti. Mimi nitakuambia tu chenye karatasi ya renji inaweza kuambia mtu: zile risasi za kwanza zilienda pale zilitumwa, kutoka kwa mitutu iliyolala juani tangu asubuhi, na hakuna mwenye alipata nafasi ya kujaribu kwanza.

F2 nayo imezeeka. Kufikia 2020 Ufaransa ilikuwa imechagua mrithi, SCAR-H PR ya kampuni ya FN kutoka Ubelgiji, karibu bunduki 2,600. Inajirudishia risasi yenyewe, huvuti bolti, na darubini yake ni ya kuvuta karibu na kusukuma mbali, si ile ya mara 3.85 ya wazee. Snaipa aliyekabidhiwa yake mpya aliiacha daftari ya F2 kwa kabati, kwa sababu hakuna namba hata moja ndani yake ilikuwa inamsaidia tena. Akachukua daftari tupu, akaenda renji asubuhi mtutu ukiwa baridi, akafyatua moja.